Nani Alisema Nje

Walikuja na machungwa, mfuko mzima, wakauweka mezani mbele ya mwanamke ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo, wakamwambia ale kwa wingi, yanaongeza damu. Hakuna aliyekumbuka kummenyea hata moja. Aliyatazama yale machungwa, akawatazama wao, akajua wamekuja kuomba kitu. Aliyekuja kutoa pole humtazama mgonjwa usoni, na hawa wote walikuwa wanatazama zulia.

Kiwandani walimwita Mkandaji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukanda unga wa mikate, na jina hilo lilikuwa limemfuata mpaka nyumbani. Wageni wake walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa msimamizi wa kiwanda, mwanamume nadhifu mwenye kalamu kwenye mfuko wa shati, anayependa kusema “sisi ni familia” kila anapotaka watu wafanye kazi ya ziada. Wa pili alikuwa Kicheko, mwanamke wa meza ya kukatia mikate, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kucheka. Leo alikuwa hacheki. Wa tatu alikuwa mama mkwe wa Mkandaji, na huyu ndiye aliyemtia wasiwasi. Mama mkwe hakuwa na kazi kiwandani. Alikuwa na mtoto kiwandani.

Mtoto mwenyewe ni mdogo wa mume wa Mkandaji, kitinda mimba wa nyumba ile, na ndiye aliyekuwa kwenye swichi siku vidole vilipokwenda.

Inabidi kazi yenyewe ielezwe, maana asiyeijua anaweza kudhani ilikuwa ajali. Mashine ya kukandia ni beseni kubwa la chuma, na ndani yake kuna ndoano nene inayozunguka na kuuvuruga unga. Unga ukikaribia kuwa tayari, mashine inazimwa, mkandaji anaingiza mkono, anabandua unga uliogandia kwenye ndoano, anaupapasa ajue umelainika kiasi gani. Swichi iko ukutani, nyuma ya nguzo, mbali na maji. Anayesimama kwenye swichi halioni beseni, na anayesimama kwenye beseni haioni swichi. Kwa hiyo tangu kiwanda kifunguliwe kulikuwa na utaratibu wao. Kabla ya kuwasha, mtu wa swichi anauliza kwa sauti, “Mkono?” Mwenye mkono anajibu, “Nje.” Kama hajautoa, anasema, “Ndani,” na hakuna kinachoguswa. Jibu ni la mtu mmoja tu, yule ambaye mkono ni wake.

Shemeji alipewa kazi ya swichi kwa sababu ya sauti yake. Alikuwa mcheshi, mtu wa watu, na akiuliza “Mkono?” hata walio kwenye tanuri walimsikia. Wakamwita Swichi. Kisha akaanza kupiga maji. Mwanzoni ilikuwa mwisho wa wiki tu, baadaye mwisho wa wiki ukaungana na mwanzo wake, na hatimaye wiki yote ikapotelea humo. Akawa anauliza “Mkono?”, anajibiwa “Nje”, wala hasikii. Anauliza tena, anajibiwa tena, amesimama pale macho yamemlegea kama mtu anayesubiri simu, na huku unga unaharibika.

Hapo ndipo wanawake wa meza ya kukatia, walio katikati ya beseni na nguzo, walipoanza kumpitishia jibu. “Nje, kasema nje, washa.” Ikawa mchezo. Wakawa wanajibu wote kwa pamoja, “Njeee,” kisha wanacheka, na Kicheko ndiye aliyekuwa akianzisha. Ikafika mahali Swichi akiuliza tu, meza nzima inajibu kabla Mkandaji hajafungua mdomo. Aliwaambia waache. Wakamwambia asiwe mkali, wanamsaidia shemeji yake mwenyewe asimwage unga, na wakacheka zaidi, maana kiwandani pale mzaha wa kumwaga unga ulikuwa hauzeeki. Msimamizi naye alisikia kwaya ile kila siku. Alisema inapendeza kuona wafanyakazi wana umoja.

Siku ile mkono wa Mkandaji ulikuwa ndani ya beseni mpaka karibu na kiwiko. Swichi aliuliza. Meza ikajibu. Mkandaji alisema “Ndani”, na alisema kwa nguvu, lakini sauti yake ilikuwa moja na zao zilikuwa nyingi. Kidole cha shahada na cha kati vilibaki kwenye unga, na unga wote ule ikabidi umwagwe.

“Mkandaji, pole kwa mara nyingine,” msimamizi alianza, akijikohoza. “Kesho tunatembelewa na mkaguzi wa usalama kazini. Atataka kusikia kutoka kwako. Sasa sisi tumekaa, tumezungumza kama familia, tukaona jambo hili lisifike mbali.”

“Lisifike mbali zaidi ya wapi?”

Msimamizi alijitia hakusikia. “Useme tu kwamba ulijibu mwenyewe. Ulisema nje, halafu ukaona kuna unga umebaki, ukarudisha mkono. Ni jambo la kibinadamu. Linaweza kumtokea yeyote.”

“Nirudishe mkono kwenye mashine niliyoruhusu iwashwe?”

“Ulikuwa umechoka. Tutaandika ulikuwa umechoka.”

“Na vidole vyangu?”

“Kazi yako ipo. Tutakuweka pale pa kufunga mifuko, kazi nyepesi kabisa.”

“Nifunge mifuko kwa mkono upi?”

Msimamizi alitazama zulia tena. Mkandaji hakuwa mjinga. Mtu aliyerudisha mkono mwenyewe amejikata mwenyewe, na aliyejikata mwenyewe hana fidia, hana wa kumlaumu, na hana sababu ya kulalamika akiambiwa baadaye kwamba hata hiyo kazi ya mifuko haiwezi. Walikuwa wamemkata vidole, na sasa wamekuja nyumbani kwake kumwomba na ulimi.

Mama mkwe alimsogelea, akamshika goti. “Mwanangu, leo sikuja kama mkwe wako, nimekuja kama mama. Yule mdogo wa mumeo kibarua kikiota nyasi, nani mwingine atampokea? Na wewe unajua kwamba mwenzio anaumwa.”

“Anaumwa nini, mama?”

“Si unajua.”

“Sijui. Niambie wewe, anaumwa nini?”

Lile neno, anaumwa, walikuwa wamelitumia katika familia ile mpaka limechakaa. Kila Jumatatu asubuhi mama mkwe alikuwa akipita pale mlangoni, “Kamwambie msimamizi mwenzio anaumwa,” na Mkandaji alikwenda kusema. Alisema tumbo, akasema mafua, akasema mgongo, akasema jino. Jino liliuma mara nyingi mno hata msimamizi aliwahi kuuliza kama Swichi ana mdomo wa mamba, na watu wote wakacheka, na msimamizi akaandika jino. Wote walijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Na kweli mtu yule alikuwa mgonjwa. Hilo ndilo lililomchoma Mkandaji kuliko kidonda. Ugonjwa alikuwa nao, ila ugonjwa waliokuwa wakiutaja haukuwa wake, na hakuna anayempeleka mtu hospitali kwa ugonjwa wa kutunga. Wangesema mapema kwamba ni pombe, labda leo angekuwa amepona, na Mkandaji angekuwa anamenya machungwa.

Mumewe alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, anakunjakunja kona ya gazeti.

“Baba watoto,” Mkandaji alimwita. “Wewe unasemaje?”

“Ni mdogo wangu,” alisema mumewe. Akafikiri kidogo. “Na wewe ni mke wangu.”

Akarudia kukunja gazeti, kama mtu aliyemaliza hoja. Mkandaji alimngojea aongeze kitu. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumkasirikia mwanamume huyu kama alivyomkasirikia dakika ile, hata alipowahi kumpa sababu kubwa zaidi.

Kicheko aliinuka akakusanya glasi za maji apeleke jikoni, na Mkandaji akamfuata. Walisimama kwenye karo, mmoja anaosha, mwingine hawezi kumsaidia.

“Beseni kakabidhiwa nani?” Mkandaji aliuliza.

“Mimi.”

“Na kwenye swichi?”

“Yuko yule yule.”

“Huogopi?”

Kicheko alianza kucheka, kwa mazoea tu, na kicheko kikamkwama. Aliosha glasi ile ile mara ya pili. “Mimi ndiye niliyejibu siku ile,” alisema. “Sikugeuka hata kuangalia. Nilisema tu.”

“Najua. Sauti yako naijua.”

“Nisamehe.”

“Sijafika huko,” alisema Mkandaji. “Bado nina hasira na wewe. Nina hasira na nyinyi wote, na sijui nianze na nani.”

Waliporudi sebuleni hakuwaambia ndiyo wala hapana. Mama mkwe aliuchukua ukimya wake kuwa ni kukubali, akamshukuru, akamwombea dua ndefu, akamwita binti yake wa kumzaa. Walipoondoka, Mkandaji alichukua chungwa, akalibana katikati ya magoti, akajaribu kulimenya kwa kisu kwa mkono wa kushoto. Kisu kiliteleza, chungwa likaporomoka, maji yakamtapakaa kwenye gauni. Akalivurumisha ukutani. Mumewe aliinuka, akaliokota, akaanza kulimenya yeye, na Mkandaji akamwambia alile mwenyewe.

Kesho yake asubuhi alikwenda kiwandani. Harufu ya mikate ilimpokea getini kama kawaida, na alichukia kwamba bado anaipenda. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vizito, mpole wa sauti, asiyekaa alipokaribishwa kukaa. Msimamizi alikuwa anamzungushazunguka, anamwonyesha tanuri jipya, anamwonyesha ndoo za mchanga, anamwonyesha kila kitu isipokuwa ile nguzo.

Swichi alikuwepo. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi na amenyoa ndevu, na mikono yake ilikuwa imetulia. Hilo lilimshangaza Mkandaji. Asubuhi mikono ya shemeji yake ilikuwa haishiki hata kikombe.

“Shemeji,” alimsalimia, akiwa ameinamisha kichwa. “Pole. Sijui hata niseme nini.”

Alisogea kumwambia hilo, na aliposogea harufu ikamfikia Mkandaji. Juu kulikuwa na pipi ya mnanaa, na chini ya pipi kulikuwa na kitu chenyewe.

“Umekunywa.”

“Kidogo tu, shemeji. Mama ndiye kanipa. Kasema mikono itulie, mkaguzi asinione natetemeka.”

Mkandaji aligeuka akatazama getini. Mama mkwe alikuwa amesimama pale na mtandio kichwani, midomo inamcheza, anaomba Mungu. Alikuwa amemmiminia mwanawe pombe asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, kwa upendo wote alionao, kisha akamsindikiza aende kusimama kwenye swichi. Jana alikuwa hajui hasira yake aanze nayo wapi. Sasa alijua ina watu wengi kuliko alivyofikiri, na kwamba wote wanampenda sana Swichi.

Msimamizi alieleza kwanza. Alieleza vizuri, kwa sauti ya majonzi, akataja uchovu na ubinadamu. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Sawa. Sasa nionyesheni.”

“Tuonyeshe nini?”

“Mnavyofanya kazi. Kila mtu asimame alipokuwa siku ile.”

Mkaguzi alikwenda mwenyewe akazima umeme mkuu, akafunga kisanduku chake kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Kiwanda kizima kikanyamaza. Msimamizi alipita haraka kwenye meza ya kukatia akiwanong'oneza wanawake, na Mkandaji alimsikia waziwazi, “Anajibu yeye peke yake. Nyinyi mmenyamaza. Mmesikia?” Wakaitikia kwa vichwa. Kicheko alirudi mahali pake pa zamani, kichwani mwa meza. Swichi akaenda nyuma ya nguzo.

“Na wewe, mama,” mkaguzi alimwambia Mkandaji. “Kama utaweza. Mkono ulikuwa wapi?”

Mkandaji alipanda kwenye kidaraja cha mbao mbele ya beseni. Beseni lilikuwa limesuguliwa mpaka linang'aa. Aliingiza mkono wenye bendeji, polepole, akaushusha mpaka kwenye ndoano. Alijua umeme umezimwa. Alijua ufunguo uko kwenye mfuko wa yule mwanamke. Mwili wake haukujua. Alisimama pale jasho linamtoka, na mdomoni alikuwa na neno ambalo wote walikuwa wanalisubiri, neno moja dogo, aliseme tu, kisha arudi nyumbani akapate amani na mama mkwe na mumewe na watu wote.

“Anzeni,” alisema mkaguzi.

Nyuma ya nguzo, sauti ile nzuri ikapanda.

“Mkono?”

“Nje,” ilijibu meza.

Ilijibu yote kwa pamoja, kwa mapigo yale yale ya kila siku, na Kicheko mbele yao. Midomo ya msimamizi nayo ilicheza. Mara tu baada ya hapo, katika ule ukimya, kila mtu alisikia swichi ikishushwa, ta.

Hakuna kilichozunguka. Kicheko alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mwanamke aliyekuwa karibu naye aliketi chini, kwenye unga.

“Nani amejibu?” mkaguzi aliuliza.

Wanawake wa meza walitazamana.

“Nauliza nani amejibu, maana huyu mama sikumwona akifungua mdomo.” Akamgeukia Mkandaji. “Mkono uko wapi?”

“Ndani,” alisema Mkandaji. “Uko ndani. Siku ile pia nilisema ndani.”

Msimamizi alianza kusema kwamba watu wana hofu, kwamba ni mazoea tu, kwamba siku ile haikuwa hivi. Mkandaji alimkata kauli, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikajaa jengo lote.

“Ilikuwa hivi hivi. Sikusema nje. Huyu aliye kwenye swichi ni mlevi. Si mafua, si mgongo, si jino. Ni mlevi, na leo amekunywa, nenda umnuse. Meza inamjibia kwa sababu masikio yake hayasikii. Mimi nilikuwa namwombea ruhusa kwa magonjwa ya uongo. Msimamizi alikuwa anayaandika huku anacheka. Mama yake kamnywesha asubuhi hii. Tumembeba wote, mpaka tumefika hapa, na kesho mkono humu ndani ni wa Kicheko.”

Kutoka getini mama mkwe alilia kwa sauti. “Umeniulia mwanangu,” alisema. “Umeniulia mwanangu mbele za watu.”

“Mama, yule anakufa tangu zamani,” Mkandaji alimjibu, bila kumgeukia. “Tulikuwa tunamsaidia.”

Ndipo kichwa cha Swichi kilipochomoza pembeni ya nguzo. Tangu aanze kazi ile hakuwahi kuchungulia, maana haikuwa lazima, maneno yalitosha. Uso wake ulikuwa umelowa. Mkono wake mmoja ulikuwa bado ukutani.

“Shemeji, nilisikia nje,” alisema. “Haki ya Mungu nilisikia nje.”

“Najua ulisikia. Umewasikia wote hawa. Mimi ndiye hukunisikia.”

Swichi aliutazama ule mkono uliozama kwenye beseni, akautazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeonyeshwa kitu alichokuwa akiambiwa tu. Midomo ilianza kumtetemeka. Mikono haikutetemeka, maana mama yake alikuwa amehakikisha.

“Toa mkono, shemeji,” alisema. “Nakuomba, utoe.”

Mkandaji hakuutoa.

“Kwanza wewe toka kwenye swichi,” alisema.